Maneno Niliyomfundisha Yulan Bila Kuyajua

Kosa langu nalitaja mapema, usije ukadhani unasoma masimulizi ya kujisifu: nilikuwa mtu asiyeweza kutamka neno "sijui". Sikuwa mwongo wa kawaida, mwanangu. Sikudanganya juu ya safari zangu, wala sikumzulia mtu jambo. Lakini nilipoulizwa maana ya kitu, hasa kitu cha Kiingereza, ulimi wangu ulijibu kabla akili haijafika, na sauti yangu ilikuwa thabiti zaidi pale ambapo ujuzi wangu ulikuwa mdogo zaidi.

Kila nikikaa mbele ya vijana wanaojifunza lugha, hunirudia Jumamosi moja ya mwezi wa Februari. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwanafunzi wa shahada ya pili hapa Birmingham, nikiishi Ladywood, ghorofa ya kumi na moja, katika nyumba yenye vyumba viwili vya kulala na jiko moja. Chumba cha pili kilikuwa cha Yulan, mwanamke wa Kichina aliyenizidi miaka mitano. Kwao Chengdu alikuwa nesi kamili. Hapa alifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya Edgbaston, akiwaogesha na kuwalisha, huku akingoja kufaulu mtihani wa Kiingereza ambao bila huo hangeweza kuandikishwa kuwa nesi.

Mtihani huo alikuwa ameufanya mara mbili, na mara zote mbili uandishi ndio uliomwangusha, kwa tofauti ndogo ya kuudhi. Alikuwa na binti wa miaka sita aliyebaki na bibi yake. Yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana hivi: akifaulu mara ya tatu, mtoto na baba yake watakuja, akishindwa, yeye atarudi nyumbani na ndoto ile itafungwa. Hakulisema jambo hilo kwa machozi. Alilisema kama mtu anayetaja saa ya kuondoka kwa treni.

Aliniomba nimfundishe, kwa sababu alikuwa amenisikia nikizungumza na mwenye nyumba kwenye simu. Alisema Kiingereza changu kilikuwa kama cha redio. Nami, mwanangu, nilivimba.

Lazima nikueleze nilikokipata Kiingereza hicho. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana, nyumbani Tanzania, ambako kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Msichana aliyesikika akisema Kiswahili alivikwa kibao hicho shingoni, naye alikivaa mpaka amsikie mwingine akisema na kumvika yeye. Aliyekutwa nacho jioni alisugua vyoo. Tulijifunza haraka kwamba aliyenyamaza akitafuta neno alishukiwa, na aliyetamka neno refu bila kusita aliheshimiwa. Maana yake hakuna aliyeiuliza, kwa kuwa muulizaji angejianika mwenyewe. Niliondoka shuleni pale nikiwa na zawadi tatu za Kiingereza na ugonjwa mmoja.

Basi tukaanza. Kila Jumamosi asubuhi, na siku nyingine alipotoka kazini mapema, tuliketi jikoni, yeye akiwa na kitabu kinene cha maneno ya mtihani: Kiingereza kushoto, Kichina kulia. Alikuwa amekikariri chote. Ukimtajia neno lolote alifumba macho, akachora herufi za Kichina kwa kidole juu ya kiganja cha mkono wa pili, kisha akakupa maana yake. Mwanzoni nilijiuliza alichotaka kwangu ni nini.

Alinieleza. Kitabu, alisema, kinamwambia neno ni nini, lakini hakimwambii linakaa wapi. Ni nani hulisema? Ni bosi kwa mfanyakazi, au rafiki kwa rafiki? Anayeambiwa atafurahi au atanuna? Linafaa katika barua kwa mkuu wa wodi, au ni la magazetini tu? Katika Kichina, alisema, kuna misemo ya herufi nne ambayo mtoto huanza kuikariri angali mdogo, na mtu mzima akiiweka pasipo mahali pake, wasikilizaji hujua papo hapo kwamba aliimeza bila kutafuna. Alihofu kwamba kila alichoandika katika mitihani ile miwili kilikuwa hivyo.

Nisikufiche raha ya asubuhi zile. Sijawahi kukaa na mtu aliyefurahia maneno kiasi kile. Siku moja aligundua kwamba mfadhili, mnufaika na kitu chenye manufaa, kwa Kiingereza, huanza kwa kipande kimoja chenye maana ya wema, akapiga meza vikombe vikaruka. Nikamwambia kwamba sisi nasi tunayo mambo hayo, nikamwandikia: soma, somo, msomi, masomo, usomaji, kisomo, somesha. Akasimama. Aliitazama ile karatasi kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya katika nyumba anayoishi siku zote. Akakimbia kuleta kalamu za rangi, akapaka mizizi yote kwa rangi nyekundu, ya Kiingereza na ya Kiswahili pia, na uji wake wa mchele ukaungua juu ya jiko bila yeyote kati yetu kunusa.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu. Ya kwanza, neno. Ya pili, matumizi yake kwa Kichina. Ya tatu, jina la mtu aliyemweleza matumizi hayo. Alisema hapendi kusahau nani alimpa nini. Katika safu ile ya tatu, ukurasa baada ya ukurasa, kulikuwa na neno moja tu: Mwalimu. Ndivyo alivyoniita, kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe, kwa kuwa kwao mwalimu haitwi kwa jina lake tupu.

Sasa nikwambie ukweli wa masomo yale. Katika maneno kumi aliyoniuliza, labda sita niliyajua barabara. Matatu niliyajua kwa mbali, kama unavyomjua mtu unayepishana naye sokoni. La kumi sikulijua kabisa. Yote kumi niliyajibu kwa sauti ileile.

Jumamosi ninayoisimulia alikuja mgeni. Ghorofa ya tisa aliishi mama mmoja Mkenya, mtu wa Nyeri, nesi wa zaidi ya miaka ishirini katika hospitali za mji huu. Jengo zima, tangu Wakongo wa ghorofa ya tatu hadi Wapakistani wa ghorofa ya juu, lilimwita Mama Nesi. Alikuwa amepanda kurudisha sufuria yangu, akaona birika, akaketi. Alipoonja chai alinitazama kwa huruma akaniuliza kama Watanzania hupika chai ama huosha tu majani. Nikamjibu kwamba chai ya rangi yenye tangawizi imekusudiwa watu wenye ulimi. Yulan, ambaye hakuelewa hata neno, alicheka kwa sababu sisi tulicheka, kisha akafungua daftari.

Aliniuliza neno la hospitalini. Kitabu chake kilisema ni hali ya mgonjwa aliyetulia, mzito kuitika. Alitaka kujua: nesi akiliandika kwenye faili la mgonjwa, anamsifu au anaonya?

Lilikuwa neno la kumi. Sikulijua kabisa.

"Anamsifu," nikasema. "Ni mgonjwa asiyesumbua."

Mama Nesi aliweka kikombe chini. Alinitazama kwa muda, akamtazama Yulan aliyekuwa akiandika kwa bidii. Alimaliza chai yake, akamshika Yulan bega, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ana mwandiko mzuri. Kisha akaniomba nimsindikize kwenye lifti.

Lifti ilikuja, ikafunguka, akaiacha iende zake.

"Wewe msichana, lile neno ulikuwa unalijua?"

Nikaanza kueleza kwamba kwa maana pana ya neno lenyewe mtu angeweza kusema kuwa…

"Sijauliza pana. Ulikuwa unalijua?"

Nikatazama namba za lifti zikishuka.

"Hilo neno likiandikwa kwa faili, daktari anakuja akikimbia. Na wewe umemwambia ni sifa." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Huyu mama hataki kupita mtihani tu. Anaenda kufanya kazi kwa wadi. Umefikiria hiyo?"

Nilimwambia, kwa unyonge, kwamba nimezoea kujibu, kwamba ndivyo nilivyolelewa.

"Mimi nasema sijui kila siku kwa hiyo kazi. Namwambia daktari, nawaambia hawa wanafunzi wamekuja jana. Kuna watu wako hai leo kwa sababu nilisema sijui. Kwani wewe ni nani usiseme?" Kisha akaniuliza mtihani ni lini. Nikamwambia zimebaki siku kumi na mbili. "Basi mwambie leo."

Nikamwomba amwambie yeye, kwa kuwa ni mtu mzima, na neno lake lingepokelewa vizuri.

"Nimwambie mimi? Kwani ni mimi nilimdanganya?"

Lifti ilirudi. Safari hii akaingia.

Ungependa kusikia kwamba nilirudi jikoni nikakiri. Sikukiri. Nilirudi nikaendelea kufundisha mpaka saa sita, na sauti yangu haikutetereka. Jumatatu nilikwenda maktaba ya chuo nikiwa na orodha ya maneno niliyoyakumbuka, nikaketi na kamusi kubwa. Nilitumaini kwamba Mama Nesi alikuwa amenikuta kwenye kosa langu la pekee. Nilipofika neno la tisa nilikuwa nimeshakosea manne, nikaifunga kamusi kwa kuogopa la kumi.

Jumanne ilipita hivihivi. Fikiria, mwanangu: siku tatu. Nilizila siku tatu za mwanamke ambaye hakuwa na siku za kupoteza, na nilizila kwa ajili ya kulinda nini? Sura yangu. Mtoto alikuwa akingoja upande wa pili wa dunia, nami nilikuwa nikitafuta namna ya kukiri itakayoniacha bado naonekana msomi.

Jumatano Yulan alitoka zamu ya asubuhi, akaja moja kwa moja jikoni bado amevaa sare, akafungua daftari. Nikaweka kiganja juu ya ukurasa. Nikamwambia kwamba mengine niliyomfundisha nilibuni.

Hakuelewa. Akauliza kama nilitaka kusema nimekosea.

"Hapana," nikasema. "Kukosea ni kudhani unajua. Mimi nilijua kwamba sijui, nikajibu."

Alisogeza kiti chake nyuma. Aliuliza ni yapi. Na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichokifanya, kwa kuwa sikuweza kumwambia ni yapi. Nilikuwa nimeyajibu yote kwa sauti moja hata mimi mwenyewe sikuweza tena kuyatenganisha.

Alipitisha kidole juu ya safu ile ya tatu. Kisha akasema maneno ambayo nimewafundisha wanafunzi wangu wote tangu siku ile:

"Zawadi, neno nisilolijua naliruka kwenye mtihani. Neno ninaloamini nalijua, naliandika."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu tupu. Nilisikia cheo changu kikivuliwa, na nilistahili kuvuliwa.

Nilidhani ataondoka. Badala yake alichukua rula na kalamu nyeusi, akapiga mstari kandokando ya kila ukurasa na kutengeneza safu ya nne. Juu yake akaandika herufi moja ya Kichina. Akasema maana yake ni "bado". Akapitia daftari lote akiweka alama kwenye kila neno lililokuwa na jina langu ambalo hakuwahi kulisikia kwa mtu mwingine. Yalifika sitini na matatu. Akaniambia masharti: neno litatoka kwenye "bado" likithibitishwa na watu watatu wanaolitumia katika maisha yao, si kwenye kitabu. Zimebaki siku nane. Nami nitakwenda naye kila mahali, na mimi ndiye nitakayeuliza.

Mimi ndiye nitakayeuliza. Alijua vizuri anachonitoza.

Na sasa, mwanangu, acha niseme kwa furaha, kwa kuwa siku nane zile nazihesabu miongoni mwa siku bora za ujana wangu. Tulianza kwa Mama Nesi. Nilibisha hodi, nikasimama mlangoni kwake, nikatamka kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwamba sijui. Alisema, "Haya, ingieni, lakini chai napika mimi." Akaita wenzake wawili wa wodini waliokuwa mapumzikoni, Mjamaika na Mwairishi, na maneno kumi na moja ya hospitalini yakatoka kwenye "bado" kabla maziwa hayajachemka mara ya pili. Kwa kila neno walitoa mgonjwa: huyu alikuwa hivi, tukaandika hivi, daktari akafanya hivi. Yulan aliandika mpaka vidole vikamuuma.

Ijumaa tulipanda basi kwenda Longbridge. Huko aliishi Bwana Ron, mzee wa karibu miaka themanini, rafiki wa Yulan aliyekuja kila wiki kumwona dada yake katika nyumba ile ya wazee ya Edgbaston. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha magari kilichokuwa pale, na kwa miaka mingi alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi wenzake. Kutoka dirishani kwake ulionekana uwanja mpana ambako maduka mapya na nyumba zilikuwa zikiinuka mahali pa kiwanda. Nilikwenda nikiwa na shaka. Nilijiuliza, fundi wa kufunga milango ya magari atanieleza nini juu ya maneno mazito ya mtihani?

Mwanangu, mzee yule aliyajua kama unavyozijua ngazi za kwenu. Miaka yote ile alikuwa akiandika barua kwa wakubwa wa kiwanda. Kukiuka, kusitisha, kuafikiana, kutoridhishwa, kusikitishwa sana: kila neno alilipa mahali pake. "Hili tuliliandika kwenye barua ya kwanza, kabla hatujakasirika," alisema. "Hili ni la barua ya tatu. Na hili hatukuliandika sisi kamwe. Hili lilitoka kwao kuja kwetu, na ukiliona ulijua wiki ijayo hakuna kazi." Yulan alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti kana kwamba anaangalia mpira wa fainali. Ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote, maneno yaliyopangwa kwa hasira, kwa cheo, kwa nani anamwandikia nani, na kitabu chake kinene hakikuwahi kumpa.

Tukafika kwenye neno moja la wanasheria. Bwana Ron alilitazama, akakuna shingo.

"Silijui hilo, binti. Hilo ni la wenye tai."

Akanywa chai yake. Nilingoja aone haya. Nilimtazama usoni kama mtu anayesubiri ajali. Hakuona haya yoyote. Aliuliza neno lililofuata, na heshima yangu kwake, badala ya kupungua, iliongezeka kiasi kwamba nililiamini kila neno alilokuwa amesema kabla ya lile. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na shahada moja ukutani, na jambo hilo nililiona kwa mara ya kwanza sebuleni kwa fundi wa magari.

Tuliporudi, Yulan aliyapanga maneno upya palepale kwenye basi, ghorofa ya juu: barua ya kwanza, barua ya pili, barua ya tatu. Moja lilimkwaza. Akanigusa kiwiko, maana mimi ndiye muulizaji. Nikamgeukia mama mmoja aliyekuwa mbele yetu na mumewe, nikamwomba radhi, nikamwambia sijui neno hili, je, yeye angelitumia kwa mkwewe? Mama alisema kamwe. Mumewe akasema mbona jana alilitumia. Wakaanza kubishana. Kijana aliyekuwa na spika za masikioni akazivua akasema wote wawili wamekosea. Tulipopita karibu na uwanja wa kriketi, nusu ya abiria wa juu walikuwa ndani ya mjadala ule, na mzee mmoja wa nyuma alikuwa akitoa mfano wa meneja wake wa zamani benki. Watu wa mji huu, ambao tunaambiana kwamba ndani ya basi hawasemi na mtu. Yulan alikuwa akiandika akicheka, machozi yakimtoka. Tulipitiliza kituo chetu, tukarudi kwa miguu, na njia nzima aliimba yale maneno kwa mpangilio wake mpya.

Alipofika mlangoni aliniambia, bila kunitazama, kwamba kesho tuanze saa mbili. Kisha akaongeza, "Mwalimu."

Asubuhi ya mtihani maneno saba yalikuwa yamebaki kwenye "bado". Nilimwuliza atayafanyaje. Akasema atapita kando yake, kwa kuwa sasa anajua yalipo.

Matokeo yalikuja baada ya wiki mbili, mchana, kwa barua pepe. Yulan alinipa simu, akaichukua tena, akampa Mama Nesi aliyekuwa amepanda kwa ajili hiyo. Mama Nesi aliinyoosha mbali na uso kadiri mkono ulivyofika, akasema haoni kitu, miwani ameiacha ghorofa ya tisa. Ikarudi kwangu. Nikasoma alama moja baada ya nyingine, za kusikiliza, za kusoma, za kuzungumza, na ya uandishi nikaisoma mara mbili kimoyomoyo kabla ya kuitamka, maana safari hii sikutaka kusema kitu nisichokuwa na hakika nacho. Ilikuwa alama iliyohitajika, hasa ileile, bila nukta ya ziada.

Yulan aliketi sakafuni. Mama Nesi alisema, "Sasa mbona unakaa chini na viti viko?"

Akapiga simu nyumbani palepale. Kwao jua lilikuwa limeshazama. Alizungumza na mumewe, kisha na mtoto, kwa Kichina, na mimi sikuelewa hata neno, wala sikujifanya kuelewa. Alipokata nikamwuliza binti amesema nini.

"Ameuliza kama anaweza kuja na kobe wake kwenye ndege."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia sijui, nitauliza."

Mtoto alikuja mwaka ule ule, na baba yake. Kobe alibaki kwa bibi.

Sasa sikiliza ninachotaka kukwambia, wewe unayejifunza lugha ya watu, na wewe uliyezaliwa katika mji huu ambaye lugha ya wazazi wako ndiyo iliyokuwa ngeni. Bibi yako anapotamka neno la Kiswahili usilolijua, nakuona, unatikisa kichwa kama aliyeelewa, kisha unamjibu kwa Kiingereza. Hicho kichwa kinachotikiswa ni kile kibao changu cha shuleni, ila wewe umejivika mwenyewe. Mwulize. Atafurahi kuulizwa kuliko anavyofurahi kuitikiwa.

Simu yako leo inakupa maana ya neno kabla hujamaliza kuliandika. Vizuri, itumie. Lakini usiishie hapo, kama Yulan naye alivyokataa kuishia kwenye kitabu chake. Mtafute mtu anayeishi na neno hilo, umwulize analisema akiwa na nani na akiwa katika hali gani. Usichague mtu kwa mavazi yake. Wenye tai wanayo yao, na mafundi wanayo yao.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, usimung'unye. Jibu la kubuni halikai kwako. Linaondoka na aliyekuuliza, linaingia katika mtihani wake, katika wodi yake, katika faili la mtu mgonjwa ambaye hutamwona. Na ukiwa umeshabuni, rudi leo, usirudi Jumatano. Kila siku unayochelewa unaichukua katika maisha ya mwenzako, na huna namna ya kumrudishia. Kubali kuteremshwa cheo. Niliteremshwa, nikapanda tena, na nilipopanda nilikuwa mwalimu wa kweli kuliko mwanzo, kwa kuwa wanafunzi wangu sasa wanajua kwamba nikisema ndiyo, ni ndiyo.

Mwenyezi Mungu akufungulie akili na alainishe ulimi wako. Akupe maneno mengi na akuonyeshe mahali pa kila moja. Akuepushe na sauti thabiti isiyo na kitu ndani yake. Akukutanishe na watu wanaofurahia kuulizwa, na akupe mtu mmoja, hata kama ni mmoja tu, atakayeiacha lifti iende zake ili asimame na wewe kwenye korido akwambie kosa lako bila kukuaibisha mbele ya mwenzako. Mimi nilipewa wangu. Jengo zima lilimwita Mama Nesi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Wairimu.